Mlango wa Simiyu Ziwani

Watu wengi walisikiapo jina la Simiyu hufikiri habari za pamba na ng'ombe. Hawakosei, kwani pamba ndiyo iliyowavisha na kuwasomesha watoto wa huko kwa miaka mingi, na ng'ombe ni akiba na heshima ya Msukuma. Lakini ni wachache wakumbukao ya kuwa mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012, una mwambao wake. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na katika hizo tano ni Busega peke yake iliyojaliwa kuligusa Ziwa Victoria. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022 wakazi wa mkoa wamepita milioni 2, na wote hao mlango wao wa kutokea ziwani ni huo mmoja.

Katika makala hii twataka kuwachukua wasomaji wetu, wazazi pamoja na vijana wao, mpaka kwenye mlango huo. Tuwaonyeshe kilichoko, tuwaambie hatari zake bila kuficha, kisha tuulize swali ambalo twaona halina budi kuulizwa mapema kabla mambo hayajaharibika: ukingo ule wa ziwa ni wa nani?

Njia ya kwenda

Msafiri atokaye Bariadi hushika barabara ya lami iendayo kaskazini, kadiri ya kilometa 70, mpaka Lamadi. Hupita Nyakabindi, penye viwanja vilivyopokea maonyesho ya kitaifa ya wakulima, yaani Nane Nane, katika miaka ya 2018, 2019 na 2020. Kisha hupita Dutwa na Ngasamo. Nchi yenyewe ni wazi na jicho huona mbali. Kuna mashamba ya pamba, mahindi, mtama, dengu na choroko. Na hapa na pale vimesimama vilima vya mawe makubwa yaliyopandana, jiwe juu ya jiwe, hata mtu hushangaa ni nini kiyazuiacho yasianguke. Wakati wa kiangazi vumbi hufuata makundi ya ng'ombe waendao kunywa maji, na watoto wachungaji hupungia mkono kila gari lipitalo.

Lamadi ni mji mdogo wa njia panda. Barabara itokayo Bariadi hukutana hapo na barabara kuu iunganishayo Mwanza na Musoma. Basi mchana kutwa ni mabasi, malori, bodaboda, na akina mama wauzao samaki wa kukaanga. Upande wa mashariki iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 14,763, ambayo mkono wake wa magharibi umenyooka hata kulikaribia ziwa. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara kuu, mwendo mfupi kutoka Lamadi kwenda kaskazini. Karibu pia liko Pori la Akiba la Kijereshi. Na upande wa magharibi ni Ghuba ya Speke. Ni mahali pachache katika dunia ambapo mtu aweza kula kifungua kinywa akitazama mitumbwi ya wavuvi, na kabla ya adhuhuri akawa anatazama nyumbu, twiga na tembo.

Sisi tulishuka kutoka barabara kuu kwa njia ya vumbi, tukafika ukingoni baada ya sala ya alasiri. Wakati huo upepo hupiga kutoka ziwani kuja nchi kavu, na joto la mchana lote husahauliwa. Mbele yetu yalikuwapo matete na mafunjo, kisha mchanga, kisha maji yasiyo na ng'ambo. Minandi walikaa juu ya mawe wamekunjua mabawa yao wayakaushe. Midiria walisimama hewani juu ya maji, wakitumbukia kama mawe. Na furukombe akalia juu ya mti kwa sauti ile ambayo aliyeisikia mara moja haisahau. Kwa kuwa ghuba imefunguka upande wa magharibi, jua huonekana likizama majini. Na kwa faida ya wasafiri twasema ya kuwa mtu asimamaye hapo akielekea machweo, Kibla iko mkono wake wa kulia, imepinda kidogo nyuma yake. Yaani ni kaskazini yenye kuelekea kidogo mashariki.

Habari za kale

Ziwa hili lina ukubwa wa kadiri ya kilometa za mraba 68,800, nalo limeinuka mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Lakini kina chake si kikubwa, kwani mahali penye kina kabisa ni kama mita 80 tu. Wenyeji waliliita Nyanza, na jina la Victoria alilipa Mwingereza John Hanning Speke aliyelifikia huko Mwanza tarehe 3 Agosti 1858.

Vitabu vingi husema ya kuwa Speke ndiye aliye "ligundua" ziwa hili. Yafaa vijana wetu wajue habari kamili. Kwanza, wenyeji waliishi kando yake, wakavua na kusafiri ndani yake, kwa karne nyingi kabla yake. Pili, aliyewapa Speke na mwenzake Burton habari za ziwa hili la kaskazini alikuwa mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Snay bin Amir, aliyekaa Kaze karibu na Tabora, ambaye alizijua njia za bara na falme za huko. Tatu, Speke hakuja peke yake. Pamoja naye alikuwako Mubarak Bombay, mtu wa kabila la Wayao aliyekuwa ametekwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akarudi akiwa huru, akawa kiongozi na mkalimani wa misafara mikubwa. Pasipo watu kama hao wageni wale wasingalifika.

Mwaka 1875 alikuja Stanley na mashua yake iliyoitwa Lady Alice, akalizunguka ziwa zima. Ndiye aliyeiita ghuba hii kwa jina la Speke. Aliandika pia habari za Mto Simiyu, ambao huanzia mashariki katika nchi ya Serengeti na kuingia ghubani katika wilaya ya Magu, akidhani ya kuwa huo ndio chimbuko la mbali la Nile upande wa kusini. Baadaye ilijulikana ya kuwa Mto Kagera ndio wenye sifa hiyo ya umbali. Lakini si jambo dogo kwa mkoa kuchukua jina la mto ambao maji yake, yakisafiri siku nyingi, huishia Misri na Bahari ya Kati.

Ziwa lenyewe limebadilika sana. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliingizwa humo sangara na sato wa Nile. Sangara alileta viwanda na fedha, lakini alikula furu wa namna nyingi wasiopatikana mahali pengine po pote, na wengi wao wametoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana gugumaji katika upande wa Tanzania, likaziba bandari na mialo. Na mwaka 2020 mvua nyingi zililiinua ziwa mpaka likafikia kimo kisichoonekana tangu mwaka 1964; nyumba na bustani zilizojengwa karibu mno na maji zikaingiliwa. Ziwa lilirudi kuchukua mahali ambapo watu walikuwa wamepahesabu kuwa pao.

Uzuri usifiche hatari

Yatupasa sasa kusema neno kwa wazazi. Tumeona vijana wakishuka garini na kurukia majini kana kwamba ziwa ni birika la shule. Ziwa hili lina kiboko na mamba. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, naye hufuata njia zake zile zile. Basi mwenye kupiga hema katika njia hiyo amelala mlangoni pa mtu mwingine. Mwenye akili huuliza wavuvi kwanza, kwani wao hujua kila njia ya mnyama na kila shimo la mamba, kisha huweka hema lake mbali na maji, mahali palipoinuka. Tembo nao hutoka Serengeti mara kwa mara wakaingia mashambani, na wakulima wa Busega wamepoteza mazao kwa ajili yao.

Dhoruba za ziwani huja ghafla. Asubuhi maji huwa kama kioo, na jioni mawimbi hupindua mtumbwi. Hatujasahau tarehe 21 Mei 1996, ilipozama meli ya Bukoba karibu na Mwanza ikachukua roho za mamia ya watu. Wala tarehe 20 Septemba 2018, kilipopinduka kivuko cha Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Mwenye kupanda chombo na watoto wake asione haya kuuliza jaketi la kuokolea, wala asikubali kupanda kilichojaa kupita kiasi, hata kama wenzake watamcheka.

Lakini adui mkubwa kuliko wote haonekani kwa macho, naye ni kichocho. Vijidudu vyake aliviona kwanza tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Misri mwaka 1851. Mwenendo wake ni huu: mtu mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini au karibu na maji, mayai huingia majini na kuanguliwa, vitoto vyake huingia ndani ya konokono wadogo wakaao kwenye majani ya ukingoni, humo huongezeka, kisha hutoka kwa maelfu na kuogelea vikitafuta ngozi ya mwanadamu. Vikiipata huipenya kwa dakika chache tu. Havihitaji jeraha, wala mtu hahitaji kunywa maji hayo. Kutia miguu tu yatosha. Baadaye huja damu katika mkojo au choo, maumivu ya tumbo, na kwa miaka mingi ini au kibofu huharibika. Sehemu za mwambao wa kusini mwa ziwa ni miongoni mwa mahali penye ugonjwa huu kwa wingi, na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, wameushughulikia kwa muda mrefu. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na watoto wa shule hupewa katika kampeni za serikali. Lakini aliyepona akirudi majini huambukizwa tena.

Hapo Mwislamu ana jambo la kuangalia zaidi ya mwingine, kwani yeye hutawadha mara kadha wa kadha kwa siku. Akisimama ukingoni penye majani, miguu yake majini, akiosha mikono na uso, amekwisha jitoa kwa konokono. Basi maji ya udhu na yatekwe mahali pa wazi pasipo majani, na anayeyateka ajitahidi asizame miguu. Yawekwe katika pipa au ndoo safi iliyofunikwa kwa muda wa siku 2 kamili, kwani vijidudu hivyo vikikosa mtu hufa katika muda huo. Au yachemshwe kisha yapozwe. Mwenye safari ya siku moja na achukue maji yake ya bomba kutoka nyumbani. Si gharama kubwa: galoni moja la lita 20 lawatosha watu kadha wakitawadha bila kumwaga ovyo, na israfu ya maji imekatazwa hata kwa aliye kando ya mto.

Na tazama hekima ya dini yetu. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu kukojoa katika maji yaliyotuama, tena akawaonya wasijisaidie penye kutekwa maji, wala njiani, wala kivulini wanapopumzika watu. Hakukuwa na darubini wakati ule. Hata hivyo mji ambao watu wake wote wangalishika makatazo hayo, kichocho kisingalipata njia ya kuishi humo. Kwani mnyororo wake wote unaanza na mtu mmoja aliyejisaidia pasipo pake. Kwa hiyo mtu akituuliza ni kitu gani cha kwanza kijengwe katika bustani ya ukingoni, twamjibu: vyoo vizuri, mbali na maji, kabla ya viti, kabla ya maua, na kabla ya duka la soda.

Ukingo ni wa nani?

Sasa tulifikie swali letu. Katika mwambao wa Lamadi na jirani zake ziko hoteli na kambi za wageni, ambako watalii watokao Serengeti hulala au kupiga hema. Hatuna kinyongo nazo. Huleta kazi na fedha. Wapo pia wavuvi na mialo yao, na dagaa wao walioanikwa juani, na hao ndio wenye haki ya kwanza kwa kuwa maisha yao yamo mle. Lakini baba wa Bariadi, fundi cherehani au mwalimu, mwenye mke na watoto 5, akitaka kuwatoa siku ya pili ya Idi wakakae kando ya ziwa, wale chakula chao, waswali jamaa na kurudi jioni, aende wapi? Kambi ya watalii haikupangwa kwa mfuko wake. Mwalo wa samaki ni mahali pa kazi. Mwisho hukaa chini ya mti wo wote, pasipo choo, pasipo maji salama, pasipo mtu wa kuangalia waogeleao. Na watoto wakijisaidia vichakani, mnyororo tuliousema unaanza upya.

Kwa hiyo twaona ya kuwa Simiyu yahitaji bustani ya watu wote katika ukingo wake, mahali pa mapumziko na pa kupiga kambi, chini ya halmashauri, kwa ada ndogo au bila ada. Wala jambo hili si ndoto ya ajabu. Mwanza wana kisiwa cha Saanane, kilichochukua jina la mzee Saanane Chawandi aliyekaa humo zamani. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza ya namna yake katika nchi yetu, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Ni kidogo mno, kilometa za mraba 2 na kitu, pamoja na maji yake. Lakini familia na shule huvuka kwa mashua dakika chache tu kutoka mjini wakaona wanyama, wakapanda mawe na kupiga kambi. Kisumu, katika Kenya, wana hifadhi ya swala kando ya ziwa tangu mwaka 1992. Entebbe, katika Uganda, bustani ya mimea ya ukingoni ilianzishwa mwaka 1898, na mpaka leo watu huenda kukaa kivulini mwake. Busega haikosi ziwa lile lile wala jua lile lile.

Tena yupo mfano wa mbali wenye mafunzo. Mji wa Chicago, huko Marekani, umejengwa kando ya ziwa kubwa la Michigan. Mwaka 1836, mji ulipokuwa ungali mdogo, wasimamizi wa viwanja waliandika katika ramani ya kwamba sehemu ya ukingo iwe ya watu wote, wazi daima, isijengwe. Mji ulipotajirika, wakubwa walitaka kujenga. Mfanyabiashara mmoja, Montgomery Ward, akawashtaki mahakamani kuanzia mwaka 1890, akashitakiana nao kwa kadiri ya miaka 20, wengine wakimchukia na kumwita adui wa maendeleo. Alishinda. Leo maelfu ya maskini na matajiri hutembea katika ukingo ule, na hapana mji unaojuta kwa kuacha wazi ufuko wake. Kilichowaokoa kilikuwa mstari mmoja katika ramani, ulioandikwa kabla ya tamaa kuja.

Nasi tunao mstari wetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, yakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zenye kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu huitaja sheria hii wanapobomolewa tu. Lakini tukiitazama vizuri, imekwisha tuwekea ukanda mrefu usio wa mtu mmoja. Miti ya asili, njia ya miguu na mahali pa kukaa haviharibu kitu katika ukanda huo. Na vyoo, jiko na mahali pa hema vikae nyuma yake. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilionyesha kwa vitendo kwa nini sheria hiyo ilitungwa.

Hima na ngitili

Fikira ya ardhi iliyowekwa kwa ajili ya wote si ngeni kwetu. Katika zama za ujinga Arabuni, mtu mwenye nguvu alijitwalia malisho mazuri akawafukuza wengine. Ardhi hiyo ikaitwa hima. Uislamu ulipokuja ulifuta hima ya mtu binafsi. Mtume (s.a.w.) aliweka hima ya Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa jihadi, yaani kwa ajili ya umma. Sayidina Umar alipoongeza nyingine, alimweka mtumishi wake Hunayy kuisimamia, na wasia wake ni ajabu kwa uadilifu. Alimwagiza awaingize wenye ngamia wachache na kondoo wachache, wala asishughulike na makundi ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Kwani hao wanyama wao wakifa wana mashamba na mitende ya kurudia, bali maskini mifugo yake ikifa atakuja mlangoni pa Khalifa na watoto wake akilia. Abdurrahman na Uthman walikuwa masahaba watukufu. Hata hivyo, kwa mlango wa hima, maskini alitangulia. Twaona hiyo ndiyo kanuni ifaayo kuandikwa penye lango la kila bustani ya umma.

Wasukuma nao wana ngitili. Mwanzo wa mvua hutenga sehemu ya malisho isiguswe, ili kiangazi kikija ng'ombe wapate majani. Desturi hiyo ilikuwa imedhoofika, miti ikakatwa, nchi ikawa jangwa. Lakini tangu mwaka 1986, kwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao ulizigusa pia Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ngitili nyingi zilifufuliwa, miti ikarudi, na kuni, asali na dawa vikarudi pamoja nayo. Mtu wa Simiyu basi hahitaji kufundishwa na mgeni maana ya kutenga mahali leo ili watoto wapate kesho. Aliyeweza kutenga majani kwa ajili ya ndama hawezi kushindwa kutenga ukingo kwa ajili ya mwanawe.

Tena jambo hili halihusu starehe tu. Upo mpango mkubwa, uliokubaliwa mwaka 2017 kwa msaada wa Ujerumani na mfuko wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, wa kuyapeleka maji ya Ziwa Victoria kwa bomba katika miji na vijiji vya Simiyu, ambako ukame umewasumbua watu miaka mingi. Mama wa Itilima ambaye hajaliona ziwa kwa macho ndiye atakayeyanywa maji yake. Kila chupa ya plastiki iachwayo mchangani Busega na kila uchafu utupwao majini ni dhuluma kwa mtu aliye kilometa nyingi, asiyemjua aliyemfanyia.

Kwa wazazi na vijana

Msingoje bustani ijengwe ndipo mwende. Chagueni miezi ya Juni mpaka Septemba, mvua zikiwa zimekatika na njia ni kavu. Ombeni ruhusa kwa serikali ya kijiji na mwongozo kwa wavuvi. Chukueni vyandarua, kwani mbu wa malaria wako. Maji ya kunywa na ya udhu. Jembe la kuchimbia choo mbali na ziwa. Na magunia ya kurudishia takataka. Moto uzimwe kwa maji, usifunikwe kwa mchanga tu. Wanawake watengewe mahali pao pa stara, nao wasifanywe wapishi tu huku wengine wakipumzika. Madrasa na shule zaweza kupanga siku moja kwa mwaka. Mtoto aliyejifunza udhu kitabuni na ajifunze kupima maji ya galoni moja kwa watu 10, na aliyesoma habari za viumbe vya Mwenyezi Mungu na amwone furukombe akishuka majini na kuinuka na samaki wake.

Na wazee wenye sauti katika vikao vya vijiji na halmashauri, twawaomba jambo moja. Mstari katika ramani ni kitu chepesi, hauna gharama ya saruji wala nondo, lakini ukichelewa hauandikiki tena. Uandikwe sasa, ungali ukingo una nafasi. Mwenyezi Mungu aijalie Simiyu viongozi watakaomtanguliza mwenye kondoo wachache, na atujalie sisi sote kuuacha kila ufuko tuliokalia safi kuliko tulivyoukuta. Amin.